Tabaka la Guritno

Kasha lilizidi uzito. Halikuzidi sana, ni kama mtu achomeke barua moja ya ziada ndani ya furushi, lakini Endro alikuwa mtu wa kuangalia mambo ya namna hiyo. Asubuhi ile ya Jumatatu alilijenga upya, likatoka na uzito ule ule uliozidi. Akajikuna shingo.

"Shemeji, hili kasha limenenepa."

"Umeongeza nini?" Wening aliuliza bila kugeuka.

"Sijaongeza kitu. Nimebadilisha neno moja tu kwenye ukurasa wa kwanza. Labda limekula tempe yangu ya soya."

Zamani Wening angecheka, au angemtupia kalamu. Siku hizi hakucheka wala hakuudhika. Tangu mumewe Guritno afariki, siku arubaini na tano zilizopita, alikuwa hivyo: akipewa sahani anakula, taa ikizimwa analala, akiulizwa anasema ndiyo. Mazishini hakulia. Kwenye kisomo cha siku ya saba hakulia, na cha arubaini pia, akawa anagawa wali kwa majirani akiwa na uso wa mtu anayesubiri basi. Wanawake wa mtaani walisema ameumia mno. Wengine, maana midomo haikosi, walisema hakumpenda.

Kazi yao waliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba ya Wening, mjini Salatiga, Java, mtaa wa nyuma ya soko. Walikuwa watatu, sasa wawili, na walitunza programu iitwayo Tampah, ambayo zahanati huitumia kufuatilia chanjo na dawa. Ni ya bure na ya wazi, yeyote aichukue. Lakini muuguzi wa kisiwani hana muda wa kuunganisha vipande vya programu. Kwa hiyo kila toleo lilifungwa ndani ya kasha pamoja na kila kitu linachohitaji, likatiwa sahihi, likawekwa kwenye ghala la mtandaoni, na zahanati zaidi ya mia nne zikalivuta. Kasha lenyewe si la mbao, ni la kompyuta tupu, na hujengwa kwa matabaka kama keki ya matabaka ya sokoni: la chini kwanza, juu yake jingine, mpaka juu kabisa inapokaa Tampah. Tabaka likishaiva huligusi tena. Unapika jipya juu yake.

Tabaka la chini alilijenga Guritno, pale mezani, asubuhi aliyokufa. Alilitia sahihi, akawasha sigara yake ya karafuu, akaegemea kiti, moyo ukasimama. Sigara waliikuta imejizima yenyewe.

Sasa, mtu yeyote wa kazi hii anajua kwamba tabaka la chini hutupwa kila mwezi na kujengwa jingine kutoka mwanzo, maana likikaa hukusanya uchafu na mianya. Mwezi ulipotimia Endro aliuliza, "Tulibadilishe?" Wening akajibu, "Liache." Na Endro, aliyempenda rafiki yake, akaliacha. Wakaendelea kujenga juu ya tabaka la marehemu, toleo baada ya toleo. Kosa ndilo hilo, na kila nikilisimulia hutamani kupiga kelele. Lakini hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Jumanne Endro alipekua ndani ya kasha akakuta faili asilolijua, lisilo na jina la maana. Akalifuta, akajenga tena. Kasha likatoka zito kuliko jana.

"Umefuta au umeongeza?" Wening aliuliza.

"Nimefuta, nakuapia. Lakini si unajua, nimefutia juu. Lililo chini liko pale pale, nimelifunika tu."

"Basi liache."

"Wewe kila kitu liache," Endro alisema, akacheka peke yake. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nyumbani humo kwa muda mrefu.

Alhamisi, muadhini akianza kuadhini alasiri, mashine iliyokuwa chini ya meza ilianza kuvuma. Hiyo ndiyo mashine ya kujengea makasha, na hakuna aliyeiamuru. Endro alikuwa ameshika kikombe. Wening alikuwa akikunja nguo za mtoto. Feni zilipanda sauti, hewa ya moto ikatoka chini ya meza, na pamoja nayo ikaja harufu ya sigara ya karafuu, mbichi kabisa, ya mtu aliyetoka kuiwasha muda huo huo. Kwenye kioo cha kompyuta kukatokea mstari mmoja: toleo jipya limewekwa ghalani. Sahihi: Guritno.

"Shemeji," Endro alinong'ona. "Neno lake la siri ulimpa nani?"

"Alikufa nalo."

"Basi nani katia sahihi?"

Wening alitazama kioo. Alijua kwamba hapo mtu huogopa. Alijua hata woga unavyoanza, tumboni. Alisubiri uje, haukuja, akarudi kwenye nguo.

Tangu jioni ile Endro akabadilika. Alikuja kazini kwa wakati, akakaa, akafanya kazi, akaondoka. Mkewe alimwambia Wening sokoni kwamba siku hizi mumewe anakunywa supu isiyo na chumvi na hasemi kitu. "Mlinirudishia mtu gani?" aliuliza, nusu mzaha, lakini macho yake hayakuwa ya mzaha. Wening akamwambia labda amechoka.

Jumatatu iliyofuata, mchana, Wening akiwa mezani alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Haikuwa karafuu safari hii. Alikwenda jikoni akamkuta binti yake Laras, wa miaka mitano, amesimama kwenye kigoda, kiganja chake kimelala kwenye ubavu wa birika lililokuwa motoni. Hakuwa amenasa. Alikuwa amekiweka tu, anakitazama.

"Mama," alisema taratibu, "mkono wangu unanuka."

Wening alimnyakua, akautia mkono kwenye maji. Ngozi ilikuwa imebanduka. Mtoto alitazama ngozi yake ikielea kwenye beseni, hakutoa hata chozi.

"Hukusikia moto?"

"Niliona ni moto. Hauumi."

"Kwa nini hukuniita?"

"Baba kasema nisipige kelele. Zinamsumbua akifanya kazi."

Wening aliinama usawa wa uso wake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeuliza bei asiyotaka wengine waisikie, "Baba yuko wapi, Laras?"

Laras aliutoa mkono ule uliobanduka kwenye maji, akaelekeza chumba cha mbele, chini ya meza.

Alipomaliza kumfunga mtoto bandeji na kumlaza, Wening aliketi kwenye kiti cha mumewe, akaanza kulifungua kasha. Alilifungua tabaka kwa tabaka, kuanzia juu: Tampah yenyewe, salama, chini yake vitu vya Tampah, salama, chini yake lugha ya kompyuta iliyoandikiwa, salama, na kila alipoteremka tabaka moja harufu ya karafuu ilizidi na feni chini ya meza zikapunguza kasi, zikawa zinavuta na kuachia, zinavuta na kuachia, kama mtu aliyelala usingizi mzito karibu sana na miguu yako, mpaka alipofika tabaka la chini kabisa, lile lililofungwa asubuhi ya kifo, akalikuta faili alilolifuta Endro, liko pale pale, akalifungua, na ndani yake mlikuwa na maelezo ya matoleo, yaliyoandikwa vile vile alivyokuwa akiyaandika Guritno kila wiki, kwa mistari mifupi, bila mbwembwe.

Kimeondolewa: machozi ya Wening.

Kimeondolewa: kicheko cha Endro.

Kimeondolewa: kilio cha Laras.

Toleo lijalo, Alhamisi alasiri. Kitaondolewa: pumzi ya Laras.

Kila tabaka lina namba yake ndefu, inayotokana na vilivyomo ndani. Badilisha herufi moja tu na namba yote hugeuka. Ndiyo sababu watu huamini makasha ya watu wasiowajua. Wening aliilinganisha namba ya tabaka lile na namba aliyoiandika mumewe siku ile kwenye daftari. Ilikuwa ile ile. Tabaka halikuguswa tangu asubuhi ya kifo, na ndani yake kulikuwa na habari za mchana huu.

Hakuogopa. Lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi, na kichwa kilimwambia zimebaki siku tatu tu kufika Alhamisi.

Jumanne asubuhi alipanda kwa Nyai Muslihah, mjane wa mwalimu mkuu wa madrasa iliyo upande wa Kopeng, ambaye watu humwendea kwa mambo kama haya. Alimkuta anamenya karanga, miguu kaikunjua mkekani.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kompyuta," Nyai alisema, "maana sijui."

Wening alimweleza yote, ya kasha, ya matabaka, ya sahihi, ya birika. Aliyaeleza kama anasoma orodha ya sokoni. Nyai aliacha karanga.

"Unajisikia unavyosema?"

"Najisikia."

"Masikini. Sasa nisikilize, mwanangu. Huyo si mumeo. Mumeo yuko kwa Mola wake. Kila mtu huzaliwa na jini wake, karini. Anakua naye, anaijua sauti yake, mwandiko wake, neno lake la siri. Mtu akifa, karini hubaki bila kazi. Wengi hutangatanga wakachoka wakaenda zao. Huyu wenu mmempa nyumba. Na si nyumba tu, mmempandishia na ghorofa!"

"Anaondoa vitu vyetu vya nini?"

"Mkimlia mumeo mtakuwa mmemzika. Msipomlia hamjamzika bado, na huyu ana pa kukaa."

"Na mtoto?"

Nyai aliyasukuma maganda pembeni. "Mtoto ndiye kitu pekee kinachokuinua kutoka kwenye meza ile. Asipokuwepo, utainuka uende wapi?"

"Basi njoo usome, Nyai. Upulize maji."

"Nitakuja, nitasoma. Lakini kusoma juu ya msingi mbovu ni kazi ile ile ya mwenzio, kufutia juu. Aliyejenga ndiye abomoe. Bomoeni mpaka chini."

Endro aliposikia alisema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, "Kasha likishatangazwa halifutwi, shemeji. Unajua. Watu wamesimama juu yake. Zahanati mia nne."

"Tutajenga jipya kwanza. Kutoka mwanzo."

"Siku mbili?"

"Zipo mbili."

Walijenga. Hawakugombana, hawakutaniana, hata chai waliinywa kwa zamu. Mashine ya chini ya meza hawakuitumia. Endro alileta kompyuta ya mkewe. Laras alikaa kwenye kochi mchana kutwa na bandeji yake, haombi maji, haombi hadithi. Jumatano jioni Wening alimwekea kiganja kifuani. Alikuwa anapumua, ila kwa nafasi kubwa, kama anayekumbushwa.

Alhamisi saa nane na nusu kasha jipya lilikuwa ghalani, jepesi, likiwa na sahihi ya Wening. Wakatangaza kwa kila mtu kwamba sahihi ya Guritno haitambuliki tena. Yakabaki makasha saba ya zamani, yote yaliyosimama juu ya tabaka lile, na chini yao tabaka lenyewe. Nyai alikuwa ameketi sakafuni, Laras mapajani, bakuli la maji pembeni. Akaanza kusoma.

Wening alifuta la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne feni zikaanza kuvuma. Harufu ya karafuu ikajaa chumba mpaka Endro akakohoa.

"Mama Laras," feni zilisema.

Ilikuwa sauti yake, jamani, sauti ya Guritno ya asubuhi, yenye mikwaruzo kabla ya kahawa. Endro aliiacha kompyuta ya mkewe akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mama Laras, umenichoka?"

Wening alifuta la nne.

"Nimekaa nawe siku zote hizi. Usiku nikikufunika shuka ulidhani nani? Nimekuondolea maumivu, hukuniomba, nimekuondolea kwa kukupenda, nikamwondolea na mtoto, ukinifuta yatarudi yote kwa pamoja, hutayaweza, nakujua wewe, hutayaweza, njoo kwenye kiti, weka mkono tu hapa mezani ninapoweka wangu, nami nitamwachia mtoto, nakuahidi, Wening, unakumbuka mvua ile ya Tuntang, chini ya kibanda, ulichoniambia, hakuna anayekijua ila mimi, nikiondoka kitakuwa na nani?"

La tano. La sita. Nyai alipandisha sauti, na mle mapajani mwake kifua cha Laras kilinyanyuka, kikashuka, kikakaa.

"Shemeji," Endro alinong'ona, "mtoto kaacha..."

Huko nje kipaza sauti cha msikiti kilikohoa, muadhini anajiandaa. Mwanamke mwingine yeyote angeshindwa hapo. Wening mwenyewe wa zamani angeshindwa, angelia, angesema naomba nisikie sauti hiyo mara moja tu. Lakini machozi hakuwa nayo. Karini aliyaondoa kwa mkono wake, na sasa alikuwa anambembeleza mtu asiye na pa kubembelezwa. Wening alifuta kasha la saba. Kisha akalifuta tabaka la Guritno, kidole chake kimetulia kabisa.

Mashine ilizimika.

Laras alivuta pumzi kwa kelele, akaangalia mkono wake, akapiga ukunga ambao majirani wa nyumba ya tatu waliusikia. "Unauma! Mama, unauma! Mama!" Wening alimkumbatia, na akiwa amemkumbatia kitu kikampiga kifuani, akapiga magoti, akasema kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, "Guritno amekufa." Akalia. Alilia kwa mdomo wazi kama mtoto, kamasi na vyote, mama na binti wakipokezana. Endro naye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja pale ukutani, anasema, "Mungu wangu, Mungu wangu, lilikuwa limenenepa kweli." Nyai Muslihah aliomba chai yenye sukari nyingi.

Walikaa hivyo kama saa nzima. Majirani waliingia, wakapewa chai, wakaambiwa mtoto kaungua. Laras alipakwa dawa, akalalama, akadai hadithi, akasinzia. Wening alimtazama akilala na akasikia uchungu mwili mzima, na uchungu ule ulikuwa mtamu.

Ndipo Endro alipofungua ujumbe ulioingia alasiri hiyo.

Ulitoka kwa Yakomina, muuguzi wa zahanati ya kisiwa kimoja kidogo cha Maluku. Alisalimu kwa adabu. Alisema ameona makasha ya zamani hayapo tena ghalani, lakini wasijisumbue, kwa sababu mtandao wa kwao ni wa kubahatisha na huwa wanahifadhi nakala yao wenyewe. Wamewagawia pia visiwa vinne vya jirani. Kasha jipya hawatalivuta. La zamani linawafaa mno, aliandika. Tangu walivute watoto hawalii wakichomwa sindano.

Kwamba visiwani huhifadhi nakala, wote wawili walilijua. Ni jambo la kwanza mtu kujifunza kwenye kazi hii: ukishatoa, umetoa. Mtu mwenye woga angelikumbuka tangu Jumanne. Wao hawakuwa na woga, na sasa ulikuwa umewarudia wote. Wening alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi. Maluku wametangulia saa mbili. Alasiri yao ilikwisha pita zamani.

Alipiga simu. Alikosea namba mara mbili.

"Zahanati," sauti ya mwanamke ilisema.

"Dada Yakomina? Ni Wening, wa Tampah. Zimeni hiyo kompyuta. Zimeni sasa hivi!"

"Oh, dada Wening, asante kwa kupiga. Siwezi kuzima leo, ni siku ya chanjo. Watoto thelathini na sita, wote hapa ukumbini na mama zao."

Wening alibana simu sikioni. Alisikia saa ikigonga ukutani mwa ukumbi ule wa mbali. Alisikia feni, ikivuta na kuachia. Mtoto hakusikia hata mmoja, wala mama.

"Dada," alisema, "hao watoto wanapumua?"

Yakomina alifikiri kidogo.

"Ngoja nikaangalie," alisema, bila haraka yoyote, akaiweka simu mezani.